Maswali ya Wasomaji: Pima Maji Kabla ya Kufungua Chupa ya Dawa

Barua nyingi za toleo hili zinauliza jambo moja: samaki wangu anaumwa, nimpe dawa gani? Wachache sana wameandika tangi lina lita ngapi, lina umri gani, joto lake ni nyuzi ngapi, na maji yalibadilishwa lini. Hayo ndiyo tunayoyahitaji kwanza. Samaki anayehema juu ya maji anaweza kuwa na vimelea kwenye matamvua, lakini pia anaweza kuwa anaunguzwa na amonia, na dawa ya vimelea itamwongezea mateso tu. Utakayetuandikia toleo lijalo, tutajie vipimo vinne: amonia, nitraiti, pH (kiwango cha asidi au alkali ya maji) na joto.

SWALI: Wataalamu, habari za kazi. Nilinunua samaki wanne, nikawatia moja kwa moja kwenye tangi na wenzao. Baada ya siku chache karibu wote wakatokwa na vidoa vyeupe kama punje za chumvi. Nikatia dawa ya dukani mara mbili, vidoa vikaisha. Haikupita wiki vimerudi, vingi kuliko mwanzo, na wawili wamekufa. Je, niliuziwa dawa feki? Tangi lina urefu wa sentimita 90, upana 35, na maji yanafika kimo cha 36. (Msomaji, Tabata, Dar es Salaam)

JIBU: Dawa huenda ilikuwa nzima kabisa. Tatizo ni kwamba uliiacha mapema.

Vidoa vya ukubwa mmoja, vilivyotuna kidogo juu ya ngozi na mapezi, ni kazi ya kimelea kiitwacho Ichthyophthirius multifiliis. Kile kidoa unachokiona ni kimelea kilichojichimbia chini ya ngozi ya samaki, kinakula, na hapo dawa haikifikii. Kikishiba hutoka, huzama chini, hujishikiza kwenye changarawe au jani na kujifunga ndani ya utando. Humo hujigawa mpaka kutoa watoto mamia, wakati mwingine hufika elfu. Watoto hao huogelea wakitafuta samaki, na wasipompata ndani ya siku mbili hivi hufa. Ni hao wanaoogelea tu ndio wanaouawa na dawa au chumvi.

Kwa hiyo vidoa vilipotoweka, vimelea vyako vilikuwa vimeshuka kwenda kuzaana. Siku ile ulipopumzika ndiyo uliyotakiwa kuendelea.

Fanya hivi. Kwanza jua maji yako: 90 × 35 × 36 ni sentimita za ujazo 113,400, yaani lita 113. Ondoa asilimia 10 hivi kwa ajili ya changarawe na mawe, unabaki na lita 100. Hesabu ya dawa yote ifuate hiyo 100. Usifuate ukubwa ulioandikwa kwenye boksi la tangi.

Pandisha joto taratibu, nyuzi moja kila baada ya saa kadhaa, hadi 30. Dar es Salaam miezi ya joto tangi linaweza kufika hapo lenyewe, lakini kwa msomaji wa Arusha au Limuru hita ni lazima, kwa sababu maji yakipoa mzunguko wa kimelea huvutika. Kwenye nyuzi 25 unakamilika kwa chini ya wiki. Kwenye nyuzi 10 unaweza kuvuka mwezi. Maji ya moto hushika hewa kidogo: kwenye nyuzi 25 hubeba miligramu 8.3 za oksijeni kwa lita, kwenye 30 hubeba 7.6. Samaki mwenye vimelea kwenye matamvua huhitaji hewa zaidi wakati maji yana hewa pungufu, kwa hiyo pampu ya hewa isizimwe hata usiku.

Kisha chumvi, gramu 2 kwa lita. Kwako ni gramu 200. Iyeyushe kwenye ndoo ya maji ya tangi na uimimine kwa mafungu matatu ndani ya siku moja na nusu. Kila baada ya siku mbili nyonya uchafu wa chini kwa mpira, maana huko ndiko vifuko vya kimelea vilipo, na ubadilishe robo ya maji. Hapa wengi huharibu: wakitoa lita 25 hurudisha chumvi yote gramu 200. Rudisha ya maji yaliyotoka tu, yaani gramu 50. Chumvi haivukizwi wala hailiwi na chujio; bila kuangalia utafikisha gramu 5 kwa lita kabla hujatambua. Mimea mingi haitaipenda dozi hii, na kambare wadogo wasio na magamba huivumilia kwa shida, kwa hiyo kwao anza na gramu 1.

Ukipendelea dawa ya malakaiti ya kijani na fomalini, fuata kipimo cha chupa, lakini rudia kila baada ya siku mbili, badilisha robo ya maji kabla ya kila dozi, toa mkaa kwenye chujio (unainyonya dawa), na zima taa kwa sababu mwanga huivunja malakaiti. Fomalini iliyoweka utando au unga mweupe chini ya chupa imeharibika na huua samaki, itupe. Vaa glavu. Dawa hizi mbili zisiguse kamwe bwawa la samaki wa kuliwa.

Endelea kwa siku 10 kamili, hata kama vidoa vimeisha siku ya tatu.

Kabla hujaanza, hakikisha ndivyo hivyo. Vumbi laini la rangi ya dhahabu, linaloonekana vizuri ukimmulika samaki kwa tochi kutoka ubavuni, ni kimelea kingine. Hicho hutegemea mwanga, kwa hiyo kufunika tangi kwa kitambaa cheusi ni sehemu ya tiba. Uvimbe mmoja au miwili mikubwa kama ua la koliflawa ni virusi, hauna dawa na mara nyingi hupona wenyewe. Na dume la samaki wa dhahabu likitoka vipele vyeupe kwenye vifuniko vya matamvua na ukingo wa mapezi ya mbele tu, mwache: yuko tayari kupandana.

Samaki wapya wakae peke yao wiki nne. Beseni la plastiki la lita 40, sifongo lenye pampu ya hewa na kifuniko vinatosha.

SWALI: Shikamooni. Nina tangi la lita 200, lina wiki mbili. Nilinunua samaki wanane aina ya Tropheus kutoka Kigoma. Nikasoma kwamba Ziwa Tanganyika lina pH karibu 9, nami maji yangu yalikuwa 7, basi nikatia magadi mpaka yakafika 9. Saa moja baadaye wote wako juu wanahema kwa nguvu, wengine wanajigongagonga kwenye mawe. Nimeambiwa ni minyoo ya matamvua. Niwatie dawa gani? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Marahaba. Usitie dawa yoyote. Badilisha nusu ya maji sasa hivi, kisha rudi usome sababu.

Tangi la wiki mbili halijaota bakteria wa kutosha. Kinyesi na mkojo wa samaki hutoa amonia. Kundi moja la bakteria huigeuza kuwa nitraiti, jingine huigeuza nitraiti kuwa nitreti isiyo na madhara makubwa. Makundi hayo huchukua wiki nne hadi sita kukomaa. Tropheus wanane kwa wiki mbili wameshajaza amonia.

Sasa, amonia kwenye maji ina sura mbili. Moja ina chaji na haipenyi matamvua kirahisi. Nyingine haina chaji, hupenya na kuunguza. Kipimo cha matone cha nyumbani hukupa jumla ya zote mbili. Kinachoamua ipi ni nyingi ni pH. Kwenye pH 7 na nyuzi 25, sehemu yenye sumu ni asilimia 0.57. Kwenye pH 8 ni kama asilimia 5. Kwenye pH 9 ni asilimia 36. Tuseme jumla yako ilikuwa miligramu 2 kwa lita: asubuhi sumu ilikuwa 0.01, samaki wakiogelea kama kawaida. Baada ya magadi ikawa 0.72. Matamvua huanza kuharibika kwenye 0.05. Amonia haikuongezeka hata chembe. Ilibadilishwa sura tu kwa kijiko cha magadi.

Hatua zake ni hizi. Maji mapya yawe na joto lile lile na yasiwe na klorini. Badilisha asilimia 50 sasa, na nyingine 50 baada ya saa 12. Usitie siki wala ndimu ili kushusha pH: asidi ikikutana na magadi hutoa gesi ya kaboni, samaki wanakosa hewa, halafu pH inapanda tena. Ongeza mapovu ya hewa. Usiwalishe siku tatu. Tropheus mwenye afya havunjiki kwa hilo. Mwombe mtu mwenye tangi la zamani lisilo na ugonjwa akupe kipande cha sifongo la chujio lake, kikiwa kibichi na kichafu vile vile, ukitie kwenye chujio lako. Hakuna dawa ya dukani inayofanya kazi kama hilo sifongo.

Wiki inayofuata tarajia nitraiti. Hii huingia kwenye damu na kuifanya ishindwe kubeba oksijeni. Matamvua huwa ya kahawia, na samaki huhema hata maji yakiwa na hewa tele. Kinga yake ni chumvi ya kawaida, kwa sababu kloridi hugombea mlango mmoja na nitraiti kwenye matamvua. Gramu 1 kwa kila lita 10, kwako gramu 20, inatosha kukinga nitraiti hadi miligramu 6 kwa lita. Ni dozi ndogo mno kuliko ile ya vidoa vyeupe, usizichanganye.

Kuhusu pH, Tropheus ataishi vizuri kwenye 8.3 hadi 8.6. Magadi ni mchanganyiko wa kaboneti na bikaboneti ya sodiamu, na ile kaboneti ndiyo inayorusha pH juu ghafla. Tumia soda ya kuokea, ambayo ni bikaboneti tupu na hutulia karibu na 8.3. Kwa kila lita 20: kijiko cha chai cha soda ya kuokea, kijiko cha mezani cha chumvi ya Epsom (salfeti ya magnesi, hupatikana famasi) na kijiko cha chai cha chumvi ya matangi ya bahari. Itie kwenye maji mapya unayobadilisha, siyo ndani ya tangi, ili pH ipande kwa siku nyingi. Na amonia iwe sifuri kwanza.

Kwa faida ya wanaotushangaa: ndani ya Ziwa Magadi lenyewe, Kenya, kuna samaki, Alcolapia grahami, wanaoishi kwenye pH karibu 10. Wameweza kwa sababu nitrojeni yao huitoa kama urea badala ya amonia. Tropheus hana uwezo huo. Katika ziwa lake amonia huyeyukia kwenye maji mengi mno kiasi cha kutodhuru.

SWALI: Samaki wangu wote 14, wa aina tofauti, wamekufa kati ya saa mbili usiku na alfajiri. Hawakuwa na kidonda wala doa. Ni ugonjwa gani unaoua haraka hivyo? (Msomaji, Kisumu)

JIBU: Pole sana. Wakifa wote, wa kila aina, usiku mmoja, bila alama, tafuta sumu au ukosefu wa hewa kabla ya ugonjwa. Ugonjwa huanza na mmoja au wawili.

Uliza nyumbani kama dawa ya mbu ilipulizwa jioni ile. Dawa nyingi za kupuliza zina pairethroidi, ambazo kwa samaki ni sumu kali hata kwa kiasi kidogo mno, na pampu ya hewa hunyonya hewa ya chumbani na kuisukuma moja kwa moja ndani ya maji. Kabla ya kupuliza, zima pampu, funika tangi kwa nailoni na taulo, na uingize hewa chumbani kabla ya kuwasha tena. Usizidishe saa moja. Mikono iliyotoka kufua chandarua chenye dawa isiingie kwenye tangi.

Kama siyo hiyo, huenda ni klorini ya maji ya bomba. Kuyaacha klorini itoke huchukua siku nzima yakiwa na mapovu ya hewa, na kama mamlaka inatumia kloramini, haitatoka hivyo. Sodiamu thiosalfeti, kemikali inayoondoa klorini, ni rahisi: yeyusha gramu 10 kwenye mililita 100 za maji, weka chupa ya kahawia. Ndoo ya lita 20 yenye klorini miligramu 1 kwa lita inahitaji mililita 1.5, weka 2, na siku maji yakinuka klorini weka 4. Kuzidisha kidogo hakuna madhara.

Ndoo ya samaki isitumike kufulia.

SWALI: Chumvi ya mezani yenye madini joto inafaa, au ni lazima ya mawe? Na je, naweza kutia maji ya bahari? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Madini joto yaliyomo ni kidogo mno kudhuru. Kinachotusumbua ni kemikali ya kuzuia chumvi isigande, hasa ile ya sayanaidi ya chuma, ambayo mwanga wa jua unaweza kuivunja ikatoa sumu. Chumvi ya mawe isiyosagwa ni salama zaidi na ni nafuu. Pima kwa mizani, maana kijiko cha chumvi ya mawe na kijiko cha chumvi laini havilingani uzito.

Maji ya bahari yana gramu 35 za chumvi kwa lita, kwa hiyo kihesabu lita 9 kwenye tangi la lita 100 zingekupa gramu 3 kwa lita. Lakini maji ya karibu na bandari au mfereji yatakuletea mafuta na bakteria. Nunua chumvi.

SWALI: Kaka zangu, nina Tropheus 12, miezi saba sasa. Nawapa dagaa waliosagwa na mara moja moja nyama ya ng'ombe ili wakue. Wawili wamejitenga pembeni. Mmoja hataki kula kabisa, anatoa kinyesi cheupe kirefu kama uzi. Wa pili koo limevimba, anatafunatafuna bila chakula. Nataka kuwapa metronidazoli wote. Dozi ni ipi? (Msomaji, Nairobi)

JIBU: Yule wa pili mwache kwanza. Koo lililovimba, mwendo wa kutafuna, kujitenga: huyo karibu hakika ni jike lenye mayai mdomoni. Hubeba kwa wiki nne hivi, na jike la Tropheus huendelea kula kidogo akiwa amebeba, kwa hiyo akidokoa chakula usidhani umekosea. Uvimbe wake uko kooni. Uvimbe wa ugonjwa uko tumboni.

Yule wa kwanza ni mgonjwa kweli, na umemwahi. Ugonjwa huu wa kuvimba tumbo hupita kwa mpangilio: kwanza samaki hukimbilia chakula na kukitema, kisha haji kabisa, kisha kinyesi cheupe chenye utando, kisha kuhema, na mwisho tumbo kuvimba. Akishavimba, mara nyingi ana siku moja hadi tatu. Tiba inafanya kazi kabla ya hapo.

Wataalamu hawajakubaliana juu ya chanzo kimoja. Vimelea vya utumbo vyenye mikia, Spironucleus na jamaa zake, hukutwa mara nyingi, lakini hukutwa pia kwa samaki wazima. Kinachojulikana vizuri ni kinachowafungulia mlango: chakula kisichofaa, ugomvi na maji mabaya. Tropheus porini hukwangua mwani juu ya mawe siku nzima, na utumbo wake ni mrefu, umeumbwa kwa chakula chepesi kinachopita polepole. Dagaa na nyama vikikaa humo huoza. Nyama ya ng'ombe, hasa, iache moja kwa moja. Mafuta yake huganda kwenye joto la mwili wa samaki.

Metronidazoli sasa. Ni dawa ya cheti, kwa hiyo mwone daktari wa wanyama. Kitivo cha Tiba ya Wanyama cha Chuo Kikuu cha Nairobi kiko Kabete, huna safari ndefu. Dozi ya majini ni miligramu 250 kwa lita 38, yaani miligramu 6.6 kwa lita. Tangi la lita 300 linataka kama gramu 2, ambazo ni vidonge 10 vya miligramu 200. Visage, uviyeyushe kwenye maji ya vuguvugu, na ujue haviyeyuki vyote. Ule unga unaobaki mimina pia. Badilisha robo ya maji kabla ya kila dozi, rudia kila baada ya siku moja, jumla dozi tano, usizidishe. Toa mkaa. Zima taa. Wanaokula bado, wape dawa kwenye chakula: gramu 1 ya metronidazoli kwa gramu 100 za chakula, kwa siku tano, ukifunga kwa jelatini ili isiyeyuke majini. Njia ya chakula ni bora kuliko ya maji kwa sababu kimelea kiko tumboni, lakini mgonjwa aliyegoma kula haimfikii. Ndiyo maana tunazitumia pamoja.

Wafungishe wote siku tatu kwanza. Baada ya tiba warudi kwenye chakula cha mwani, spirulina iwe ya kwanza kwenye orodha ya viambato, kidogo mara mbili au tatu kwa siku, kila mlo uishe ndani ya dakika moja. Na samaki 12 kwa Tropheus ni kundi dogo: wachache humpata mmoja na kumwandama mpaka augue. Ishirini kwenye tangi kubwa hugawana ugomvi.

SWALI: Midomo ya samaki wangu aina ya moli imeota kitu cheupe kama pamba, na mmoja ana baka jeupe mgongoni kama tandiko. Nilidhani ni kuvu, nikapandisha joto hadi 31 kama mlivyoshauri kwa vidoa. Wamekufa watano kwa siku mbili. (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Hiyo siyo kuvu, na joto ndilo lililoharakisha. Ni bakteria, Flavobacterium columnare, anayezaana upesi zaidi kadiri maji yanavyopata joto. Kuvu halisi huota vinyuzi vinavyosimama na kupepea majini, hupanda juu ya kidonda cha zamani au mayai yaliyokufa, na huenda polepole. Hii hulala bapa, ina rangi ya kijivu chenye manjano pembeni, hushika midomo na ule mgongo wenye sura ya tandiko, na huua kwa siku moja hadi tatu. Mwenye uwezo wa kupata darubini, hata ya maabara ya shule, akwangue kidogo aangalie kwa ukuzaji wa mara 400: kuvu ni nyuzi nene zenye matawi, bakteria hawa ni vijiti vyembamba virefu vinavyoteleza na kujikusanya kama vichuguu.

Shusha joto hadi 25 kwa chupa za maji yaliyogandishwa, nyuzi mbili kwa siku. Moli huipenda chumvi, kwa hiyo mpe gramu 3 kwa lita. Kisha potasiamu pamanganeti, miligramu 2 kwa lita. Jicho halitoshi kuipima: pima gramu 1 kwa mizani ndogo ya sonara, yeyusha kwenye lita 1 ya maji, kisha tumia mililita 2 za maji hayo kwa kila lita ya tangi. Toa sifongo la chujio uliweke kwenye ndoo yenye mapovu, la sivyo utaua bakteria wako wazuri. Maji yabaki ya zambarau kwa saa 4. Yakigeuka kahawia ndani ya saa moja, dawa imeliwa na uchafu wa tangi. Safisha chini kwanza ujaribu siku nyingine. Ukiona samaki wanalala ubavu, tia thiosalfeti, rangi itakatika mara moja. Kamwe usiichanganye na fomalini, na usirudie ndani ya wiki.

Wasiopata nafuu wanahitaji antibaiotiki kupitia chakula, na hapo daktari wa wanyama achague. Kutia oksitetrasaiklini kwenye maji ya chumvi au magumu ni kupoteza pesa: kalsiamu na magnesi huifunga.

SWALI: Samaki wangu wa dhahabu, yule mnene mwenye mkia wa mafungu mawili, anaelea tumbo juu kila akimaliza kula. Asubuhi yuko sawa. (Msomaji, Kampala)

JIBU: Akiwa sawa asubuhi, kibofu chake cha hewa bado ni kizima. Mwili mfupi wa mviringo umebana utumbo na kibofu pamoja, na punje zinazoelea humfanya ameze hewa. Mfungishe siku tatu. Siku ya nne mpe njegere mbili zilizochemshwa, maganda yametolewa. Baada ya hapo tumia punje zinazozama, uzilowanishe dakika kumi kabla ya kumpa. Akikaa tumbo juu usiku na mchana, pima amonia na joto. Maji baridi ya chini ya nyuzi 18 humzuia samaki huyu wa mapambo kusaga chakula.

SWALI: Magamba ya samaki wangu yamesimama kama ya nanasi, macho yametoka, hali wiki nzima. Naona anateseka. Kuna namna ya kumpumzisha bila maumivu? (Msomaji, Unguja)

JIBU: Magamba yaliyosimama maana yake figo zimeshindwa kutoa maji, nayo yanajaa mwilini. Anayekula bado, mtenge na umpe chumvi ya Epsom gramu 5 kwa lita 20 pamoja na antibaiotiki ya daktari, wachache hupona. Wako, kwa maelezo hayo, hatapona.

Dawa ya kumlaza iko kwenu: mafuta ya karafuu. Hayachanganyiki na maji, kwa hiyo tia mililita 1 kwenye chupa ndogo ya maji ya vuguvugu ya tangi, tikisa mpaka yawe meupe kama maziwa. Mweke samaki kwenye chombo cha lita 2 za maji ya tangi, mimina kwanza robo ya chupa. Atalala ubavu ndani ya dakika chache. Kisha mimina iliyobaki. Matamvua yakiacha kucheza, mwache humo nusu saa nzima, kwa kuwa aliyelala tu anaweza kuamka. Mzike. Usimtupe chooni akiwa hai, wala usimweke kwenye friza.

SWALI: Nina kipele kigumu kwenye kidole, kina wiki sita, hakiumi sana. Je, samaki wanaweza kuniambukiza? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Ndiyo. Mycobacterium marinum, jamaa wa bakteria wa kifua kikuu, huingia kupitia mkwaruzo mkono ukiwa majini. Huzaana vizuri kwenye joto la nyuzi 30 hivi, ndiyo maana hukaa kwenye vidole na mikono, sehemu za mwili zilizopoa. Hauambukizwi kutoka mtu hadi mtu. Nenda hospitali na umwambie daktari waziwazi kwamba unafuga samaki, kwa sababu asipojua atakutibu kwa antibaiotiki za kidonda cha kawaida, na huu huhitaji dawa maalumu kwa miezi.

Kwenye tangi, angalia wanaokonda huku wanakula, wenye mgongo uliopinda, wenye vidonda visivyofunga. Hao hawana tiba ya kuaminika. Mmoja aliyekufa karibuni mpeleke, akiwa kwenye barafu siyo kwenye friza, kitengo cha tiba ya wanyama cha SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) hapo hapo Morogoro wamchunguze. Vyavu na vyombo vifute kwa alkoholi ya asilimia 70. Jiki iliyozimuliwa kwa kipimo cha kufulia haimwui bakteria huyu. Mpaka majibu yatoke, usinyonye mpira wa maji kwa mdomo, na kila ukigusa tangi vaa glavu ndefu.